Nani Akalie Kiti cha Mzungu?

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera ya Mwingereza kushushwa, wabunge wa Tanganyika walikutana katika Ukumbi wa Karimjee jijini Dar es Salaam kujadili nani atakuwa raia wa nchi mpya. Muswada wa serikali uliweka wazi kwamba yeyote aliyezaliwa Tanganyika, na ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo, angekuwa raia siku ya uhuru, awe mweusi, mweupe au Mhindi. Wakazi wengine waliokaa nchini miaka mitano wangeruhusiwa kuomba.

Upinzani ulitoka ndani ya chama tawala cha TANU chenyewe. Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, na wenzake hawakuona mantiki ya kuwapa Wazungu na Wahindi uraia sawa na wa Mwafrika wakati ofisi, mashamba na maduka yalikuwa bado mikononi mwao. Kwa hesabu yao, usawa wa karatasi ungemkuta Mwafrika chini na kumwacha hukohuko. Walitaka Mwafrika atangulizwe kwanza, wengine wafikiriwe baadaye.

Waziri Mkuu Julius Nyerere alisimama tarehe 18 akiwa na hasira ambayo wengi hawakuizoea. Aliwaambia kwamba kuufunga uraia kwenye rangi ya ngozi badala ya utii kwa nchi ni kufuata njia ya Hitler. Akaongeza kwamba muswada ukianguka, serikali nzima itajiuzulu. Muswada ukapita.

Hata hivyo, hoja ya kina Tumbo haikufa siku ile, kwa kuwa ilikuwa na mizizi katika maisha ya kila siku. Dar es Salaam ya kikoloni ilijengwa kwa mafungu. Wazungu walikaa ufukweni, upepo wa bahari ulikovuma. Wahindi walikaa katikati ya mji, duka chini na nyumba juu. Waafrika walikuwa Kariakoo na Ilala, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao uliachwa wazi makusudi ili uwatenge. Hospitali ya Ocean Road ilijengwa kwa ajili ya Wazungu, ile ya Sewa Haji kwa ajili ya wenyeji. Shule nazo ziligawanyika vivyo hivyo. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni watoto wa walowezi walijengewa shule ya fahari Iringa, ya Mtakatifu Michael na Mtakatifu George, ambayo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Kijana wa Kiafrika aliyebahatika kabisa alifika Tabora, shule ya serikali iliyowasomesha Nyerere na Rashidi Kawawa, na kutoka hapo wachache wa wachache wakaenda Makerere.

Matokeo ya ngazi hiyo yalionekana siku ya uhuru. Katika nchi yenye Waafrika takriban milioni tisa, Wazungu wapatao 20,000 na Waasia na Waarabu wapatao 100,000, wananchi walishika karibu robo tu ya nafasi za juu na za kati serikalini. Miaka mingi baadaye Mwalimu Nyerere alipenda kuwakumbusha wageni kwamba Waingereza waliondoka wakiiachia Tanganyika wahandisi 2 na madaktari 12.

Jambo ambalo halikusemwa sana ni kwamba Waingereza wenyewe walikuwa wamejaribu aina yao ya mseto wa rangi. Gavana Edward Twining aliipenda siasa ya kuwapa Wazungu, Waasia na Waafrika viti sawa katika Baraza la Kutunga Sheria, kumi kwa kumi kwa kumi. Usawa huo wa viti ulimpa Mzungu mmoja uzito wa mamia ya Waafrika. Kwa uchaguzi wa 1958 na 1959 ukaja mtindo wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iliharibika.

Na si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura. Sharti lilikuwa elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Mfanyakazi wa kima cha chini hakukaribia kiasi hicho. Mfumo uliojinadi kuwa wa haki kwa rangi zote ulikuwa umemfungia mlango kabwela kwa kufuli la kipato na elimu, na ufunguo akapewa karani, mwalimu na chifu.

TANU ikagawanyika. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulikaribia kuususia uchaguzi, kwa kuwa wajumbe waliona kura tatu ni tusi. Nyerere akawashawishi waingie hivyohivyo, washinde, kisha wauvunje mfumo kutoka ndani. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka na kuunda chama chake cha African National Congress, chenye msimamo wa Afrika kwa Waafrika. Kule upande wa pili kilisimama chama cha United Tanganyika Party (UTP), kilichozaliwa 1956 kwa baraka za Gavana, kikihubiri mseto wa rangi chini ya uangalizi wa walionacho.

Vyama vyote viwili vilishindwa vibaya. TANU, ambayo kwa wakati huo haikuruhusu asiye Mwafrika kujiunga, iliwaunga mkono wagombea wa rangi zote waliokubali siasa yake, miongoni mwao mkulima wa Kizungu Derek Bryceson, mfanyabiashara Amir Jamal na Sophia Mustafa wa Arusha. Wakashinda. Uchaguzi wa 1960 ukaipa TANU viti 70 kati ya 71. Ndiyo maana bunge lililokaa Karimjee mwaka uliofuata lilikuwa na Wazungu na Waasia waliochaguliwa kwa kura za Waafrika, wakisikiliza mjadala wa kama wao wenyewe wanastahili kuwa raia.

Uhuru ulikuja Desemba 9, 1961, na wiki sita baadaye Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge upya chama. Kiti chake kikaenda kwa Kawawa, mtu aliyelelewa na vyama vya wafanyakazi na aliyeijua lugha ya mitaani. Naizesheni, kama watu walivyofupisha neno la Kiingereza la kuwaweka Waafrika katika nafasi za wageni, ikapewa kasi. Tume ikaundwa 1962 kupitia idara moja baada ya nyingine na kuuliza ni nani akae, nani aondoke, na lini. Waafrika wakawekwa mbele katika ajira na vyeo, wakifuatiwa na wananchi wa rangi nyingine, kisha wageni. Kufikia mwisho wa 1963, karibu nusu ya nafasi za juu na za kati zilikuwa za wananchi.

Mabadiliko hayo yalionekana kwa macho. Nelson Mandela, aliyepita Mbeya Januari 1962 akiwa safarini kwa siri, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyoshangaa kuona weusi na weupe wakiketi pamoja kwenye baraza ya hoteli, na Mwafrika mmoja akimkumbusha mhudumu wa Kizungu, kwa adabu lakini bila kuomba radhi, awe mwangalifu na wageni. Kwa mtu aliyetoka Johannesburg, hilo lilikuwa jambo asilowahi kuliona.

Vyama vya wafanyakazi vilitaka zaidi. Mgomo wa reli wa 1960 ulikuwa umedumu zaidi ya miezi miwili, na viongozi wake waliona ahadi zinatekelezwa kwa mwendo wa kinyonga. Serikali ya Kawawa ikajibu kwa mikono miwili: mmoja ukiwapandisha vyeo Waafrika wasomi, mwingine ukiwabana wafanyakazi. Sheria za 1962 zikafanya mgomo kuwa karibu hauwezekani kisheria, na watumishi wa ngazi za juu wakazuiwa kuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Tumbo alipelekwa London kuwa mwakilishi wa nchi, akajiuzulu mwaka huohuo na kurudi kuanzisha chama cha upinzani. Katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962, Mtemvu alisimama peke yake dhidi ya Nyerere. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98.

Hapo ndipo nyufa za tabaka zilipoanza kuonekana wazi. Mwafrika aliyekalia kiti cha Mzungu hakurithi kiti peke yake. Alirithi mshahara uliopangwa ili kumshawishi mtu atoke Uingereza kuja kufanya kazi kwenye joto na mbu. Alirithi nyumba ya Oysterbay, mkopo wa gari na mtumishi wa jikoni. Mitaani watu hawa wakaitwa manaizi, na jina halikuwa la sifa. Mkulima wa pamba wa Usukuma na kuli wa bandarini waliona rangi ya bwana imebadilika, lakini foleni ya dirishani ni ileile.

Nyerere, aliyekuwa ameukubali upendeleo huo kama dawa ya muda, alitaka kuukomesha. Januari 7, 1964 alitoa waraka: tangu siku hiyo wananchi wote wa Tanganyika wangetazamwa sawasawa katika ajira na vyeo bila kujali rangi. Kuendelea kubagua baina ya raia na raia, kwa maoni yake, kungekuwa kujenga daraja la pili la uraia. Baadhi ya viongozi wa wafanyakazi walipinga hadharani.

Siku tano baadaye yakatokea mapinduzi ya Zanzibar. Siku nane baada ya hapo, alfajiri ya Januari 20, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, inayojulikana leo kama Lugalo, waliasi. Walikuwa na madai mawili: mshahara uongezwe, na maofisa wa Kiingereza waondolewe. Jeshi lilikuwa mahali ambapo naizesheni ilikuwa imefika kwa kuchelewa kuliko karibu idara zote. Waasi waliwakamata maofisa wao, Rais akafichwa kwa muda, maduka ya Kariakoo yakaporwa. Januari 25 wanamaji wa Uingereza walitua kutoka meli ya HMS Centaur na kuuzima uasi kwa muda mfupi, fedheha ambayo Nyerere hakuificha. Zaidi ya viongozi na wanachama 200 wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, shirikisho lao la TFL likavunjwa, na chama kimoja cha NUTA kikaundwa chini ya mwavuli wa serikali. Jeshi jipya lilipoanza kujengwa, mkuu wake alikuwa Mtanganyika, Mirisho Sarakikya.

Kwa hiyo waraka wa usawa ulisimama, lakini sauti ya waliouhoji ilizimwa pamoja nao. Tangu hapo mjadala wa nani anafaidi ungeongozwa kutoka juu.

Mwaka uliofuata wananchi walipata nafasi ya kusema kwa kura. Uchaguzi wa 1965 ulikuwa wa chama kimoja, lakini karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, mmoja chini ya alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Kampeni za rangi, dini na kabila zilipigwa marufuku. Matokeo yaliwashangaza waliodhani kwamba Mwafrika atamchagua Mwafrika tu. Bryceson, Mzungu, alishinda kwa wapiga kura weusi wa Dar es Salaam. Jamal, Mwasia, alishinda Morogoro. Waziri wa Fedha Paul Bomani, mwasisi mashuhuri wa ushirika wa pamba, alipoteza kiti chake, kama walivyopoteza mawaziri na wabunge wengine kadhaa. Aliyechukua Wizara ya Fedha baada yake alikuwa Jamal. Hakuna mtafiti aliyehitajika kueleza kwamba wananchi walikuwa wanawapima viongozi kwa kipimo kingine.

Kipimo hicho kilijitokeza tena Oktoba 22, 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na vyuo vingine waliandamana wakipinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi kwa sehemu tu ya mshahara. Bango mojawapo lilidai kwamba afadhali enzi ya ukoloni. Hawa walikuwa watoto wa kwanza wa uhuru, waliosomeshwa bure kwa kodi za wakulima ili wazibe pengo lililoachwa na ukoloni. Nyerere aliwasikiliza Ikulu, kisha akawafukuza karibu wote 400 warudi makwao. Papo hapo akatangaza kukata mshahara wake kwa asilimia 20, na mishahara ya vigogo wengine ikafuata.

Miezi mitatu baadaye likaja Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967. Masharti ya uongozi yaliyoambatana nalo yaliwalenga manaizi moja kwa moja: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Benki na makampuni makubwa yakataifishwa. Baadhi ya watu walipoanza kushangilia kana kwamba ni ushindi dhidi ya Wahindi, Nyerere aliandika katika gazeti la The Nationalist mwezi huohuo kukumbusha kwamba ujamaa haupigani na ngozi ya mtu, na kwamba mnyonyaji mweusi ni mnyonyaji.

Kanuni ni jambo moja, utekelezaji ni jingine. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na yaliyozidi umri wa miaka kumi hayakulipwa fidia. Sheria haikutaja rangi hata mara moja. Lakini majengo hayo, karibu 3,000, yalikuwa kwa sehemu kubwa sana ya Waasia, kwa kuwa ukoloni ulikuwa umewapa wao biashara ya mjini. Maelfu wakafunga virago kwenda Uingereza na Canada. Sheria ya tabaka ilikuwa imeangukia rangi moja. Hata hivyo, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke mwaka 1972, Nyerere alikuwa miongoni mwa viongozi wachache wa Afrika waliosema hadharani kwamba huo ni ubaguzi wa rangi.

Upande wa pili wa Muungano, Zanzibar chini ya Abeid Karume, hapakuwa na kusitasita. Nafasi za sekondari ziligawiwa waziwazi kwa asili ya mtoto, na Waafrika wakapewa fungu kubwa kabisa. Walioitetea sera hiyo walisema inafidia miongo ya usultani. Waliokosa nafasi wakiwa na alama nzuri waliiita kisasi.

Bara nako upendeleo ulirudi, ila kwa ramani badala ya rangi. Wamisheni walikuwa wamejenga shule nyingi Kilimanjaro na Bukoba, ambako kahawa ilileta fedha za ada, huku Lindi, Mtwara na Kigoma zikiachwa nyuma. Uhuru ulipofungua milango, waliotangulia kuingia walikuwa walewale waliotangulia kusoma. Katika miaka ya 1970 serikali ikaweka mgawo wa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa na wilaya, kiasi kwamba mtoto wa Moshi alihitaji alama za juu kuliko wa Liwale ili apate kiti kilekile.

Kilimanjaro haikuandamana, ilijenga. Wazazi, makanisa na vyama vya ushirika vilifungua shule za binafsi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 shule za sekondari za binafsi nchini zilikuwa zimezizidi za serikali kwa idadi. Mwenye shamba la kahawa alimlipia mwanawe. Mtoto wa kibarua wa Moshi hohahae alipoteza mara mbili: mgawo ulimhesabu kuwa wa mkoa uliobahatika, na ada ikamkumbusha kwamba yeye si miongoni mwa waliobahatika. Na huko Lindi, kiti kilichotengwa kwa ajili ya wilaya kingeweza kwenda kwa mtoto wa ofisa aliyehamia juzi.

Ulegezaji wa uchumi wa miaka ya 1980 na Azimio la Zanzibar la 1991, lililofuta masharti ya uongozi, viliirudisha rangi jukwaani. Mchungaji Christopher Mtikila aliwahutubia walalahoi dhidi ya aliowaita magabacholi, na mapema 1993 mkutano wake ulifuatiwa na mashambulizi dhidi ya Waasia jijini. Kwa lugha ya upole zaidi, Iddi Simba, aliyewahi kuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, alitetea uzawa: ubinafsishaji uwape nafasi wazawa la sivyo nchi itauzwa. Nyerere, akiwa amestaafu, aliukemea uzawa kama ubaguzi uleule kwa vazi jipya. Lakini swali la kina Simba halikuwa la kipuuzi, kwa sababu benki haikopeshi asiye na dhamana, na dhamana ilikuwa na historia ya rangi.

Serikali ikachagua njia ya katikati. Sheria ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi ya 2004 ilizungumzia wananchi, siyo wazawa. Upendeleo wa leo unafuata jinsia, umri na ulemavu: viti maalumu vya wanawake bungeni visivyopungua asilimia 30, na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hukopeshwa bila riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuripoti mabilioni ambayo hayajarejeshwa na vikundi ambavyo havikuonekana, kisha ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya.

Rekodi ya miaka sitini inaonyesha kwamba upendeleo ulifanya kazi: bila naizesheni, Tanganyika ingeendelea kuendeshwa na wageni kwa kizazi kizima. Inaonyesha pia kwamba kila mara waliowahi mlangoni ni wale waliokuwa karibu nao tayari. Mkopo wa vijana unaochukuliwa na jamaa wa diwani ni jambo ambalo wajumbe wa halmashauri wanaweza kulikagua kwa majina. Sheria inawapa mamlaka hayo, na wananchi wana haki ya kuwadai orodha.